Bolti Mbili za Uta wa Mzee Kyalo

Shiro alikuja kwetu Kianda Jumanne kwa miguu kutoka Kawangware, na hakubisha hodi. Alisukuma tu pazia akanikuta nikila ugali wa jana kwa chumvi, chakula cha mtahiniwa. Nikamwambia, "Niaje, mbona umenuna kama umerudishiwa karatasi ya hesabu?" Hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka mikono katikati ya magoti, akasema, "Nekesa, Mzee Kyalo ametuacha. Walimzika wiki jana huko kwao Ukambani. Bintiye anakuja Jumapili kushukuru kanisa, kutakuwa na maombi pale ukumbini. Wamesema useme kitu." Nikauliza, "Mimi?" Akasema, "Si we ndiye mwanafunzi wake wa kwanza. Na ati unachekesha." Nikaendelea kutafuna, kwa sababu mtu anayetafuna haulizwi maswali. Nina miaka kumi na minane, bado navaa soksi za shule, na ningependa kumwambia yeyote anayesoma hapa kwamba mtu wa umri wangu hana jambo zito la kukumbuka. Lakini ninao mwaka mmoja, tisini na tano, nikiwa kidato cha pili, na kila nikiugeuza huku na huku sijui upande wake wa juu ni upi.

Habari za kwetu naziruka, kila mtu ana za kwao. Inatosha ujue kwamba tuliishi chumba kimoja chenye pazia katikati, ukuta wa mabati ambao jirani akipiga chafya unasema "pole" bila kumwona, na kwamba Jumamosi nilikuwa nikitoroka kufua kwa kisingizio cha Mungu. Shiro tulikuwa dawati moja shuleni. Kanisa lao Kawangware lilikuwa na ukumbi wa vijana, na vijana walipewa chai na mandazi. Basi nilipata wito. Napita Olympic, navuka Ngong Road, nakata Naivasha Road, nafika nikiwa na njaa ya kiroho. Langoni alikaa Mzee Kyalo, mlinzi, mtu mwembamba mwenye koti la mvua hata jua likiwaka, na nyuma yake chumba chake, ambacho upana wake ulikuwa kitanda na nafasi ya mtu kuaibika. Ukutani alitundika rungu, tochi, uta wa kwao wa mti aliouchonga mwenyewe akiwa kijana, na kando yake kitu ambacho siku ya kwanza nilidhani ni baiskeli iliyopata ajali.

Ulikuwa uta. Mzungu mmoja aliyekuja kujitolea alimwachia alipokuwa akirudi kwao, kwa sababu walikuwa wakishindana kulenga nyuma ya ukumbi na yule mzungu alikuwa akishindwa na mtu mwenye kijiti. Mshikio wake ulikuwa wa chuma, mabawa yake mawili mafupi na magumu, na kwenye ncha ya kila bawa palikuwa na gurudumu dogo, kamba zikipishana katikati kama nguo za wapangaji wengi kwenye waya mmoja. Sisi tuliuita baiskeli. Mzee Kyalo hakupenda. "Baiskeli inakubeba," alisema. "Huu unakuuliza wewe ni nani." Akanipa niuvute. Nikaushika kama nilivyoona kwenye picha za sinema, nikakaza meno, nikavuta. Hakuna kilichosogea isipokuwa macho yangu. Mzee akasema taratibu, "Mwiitu, unavuta ama unaomba?" Mwiitu ni msichana kwa Kikamba, na ndilo jina aliloniita mwaka mzima, kana kwamba wengine walikuwa kitu kingine. Shiro akavuta. Mamake aliuza viazi sokoni na Shiro alibeba magunia tangu darasa la nne. Uta ulikunjika mpaka mwisho, akausimamisha pale, akatabasamu kama mtu anayeshika mlango wa choo asimruhusu mwenzake aingie. Hapo ndipo yote yalianzia, kama nikiwa mkweli. Sikuupenda uta. Nilichukia tabasamu lile.

Nikaanza kutafuta nguvu. Fundi wa baiskeli pale Olympic alinikatia kipande kirefu cha tyubu, nikakifunga kwenye nguzo ya mlango wetu, na kila jioni nilivuta mara hamsini mkono wa kulia, hamsini wa kushoto, kiwiko juu, kidole kikigusa kona ya mdomo, kama nilivyoelekezwa. Nguzo ilitikisa mabati, mabati yakatikisa sufuria za Baba Otis upande wa pili. "Nekesa!" alipaza sauti. "Hiyo ng'ombe umefunga hapo itazaa lini?" Nikabeba maji mitungi miwili badala ya mmoja, mikono imenyooka, na kina mama wa kwenye foleni ya bomba wakanitazama. Mmoja akamwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, "Huyu wanampeleka jeshi." Mwenzake akasema, "Hapana, ni mapenzi. Mtoto wa kike akianza kubeba maji bila kutumwa, ni mapenzi." Mama alinipapasa mabega siku moja nikioga beseni, akashika kichwa. "Mabega ya mtu wa mjengo! Nani atakuoa?" Nikamwambia, "Nitamlenga, Mama." Alinirushia kopo la maji, akanipata vizuri kabisa, kwa hiyo kipaji kilikuwa cha ukoo.

Jumamosi baada ya chai Mzee alitufundisha. Tulikuwa wasichana watano, kwa sababu wavulana waliuvuta mara moja, wakarusha mishale miwili, wakarudi kwenye kandanda. Yeye alipika muthokoi kwenye jiko la makaa nje ya chumba chake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na alituambia mtu mwenye njaa hulenga chakula. Tukala kwanza, kutoka sufuria moja, kisha tukasimama nyuma ya ukumbi mbele ya magunia yaliyojazwa matambara. Alisema uta wa mti unakuchosha mwishoni, kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, mpaka mkono unatetemeka ndipo uachie. Lakini huu wa magurudumu ni mzito katikati, kisha ukifika mwisho unalegea ghafla, unakuhurumia, unaweza kusimama nao ukapumua, ukaweka kile kipini chake cha kulengea juu ya shabaha, ukaachia ukiwa na akili zako. "Kwa hivyo," alisema, "kazi yote ni kuvuka hapo katikati." Mimi sikuvuka. Nilifika pale pazito, nikatoa sauti ya mbuzi, nikarudi. Miezi minne. Nilizoea kufanya watu wacheke kabla hawajanicheka, nikawa nalia "meee" mwenyewe nikianza tu kuvuta.

Kulikuwa na masharti. Kamba haiachiwi bila mshale, uta utapasuka mkononi. Hakuna mtoto anayeushika yeye akiwa hayupo. Na hakuna anayeuruka. Uta ukilazwa chini, unauzunguka. Ukiuruka unaupinda, si chuma chake, bali kule kwenda kwake, na mshale utakuwa unapotea mpaka yule aliyeuruka arudi kuuruka kutokea upande alikoishia. Hili alilisema bila kutabasamu, na sisi wa Nairobi tuliopita juu ya mitaro ya kila aina tukaangaliana. Shiro akauliza, "Hata huu wa mzungu?" Mzee akamwambia, "Uta haujui nani aliununua." Kisha siku nyingine akaleta mkebe wa mafuta ya kupikia, ndani mlikuwa na alenki, kile kichuma kilichopinda chenye pembe sita. Alitufundisha bolti mbili, moja chini ya bawa la juu, nyingine kwenye bawa la chini. Ukizilegeza uta unakuwa mwepesi. Lakini zote sawa: robo juu, robo chini, kama ng'ombe wawili wa jembe, mmoja akitangulia shamba lote linakwenda upande. Na ukipoteza hesabu, alisema, kuna njia ya kuipata tena. Njia hiyo sikuisikia. Wakati ule nilikuwa nyuma ya mgongo wake nikimwigiza mwenyekiti wa kanisa akitafuta miwani iliyo usoni mwake, na wenzangu walikuwa wakiuma ngumi wasicheke.

Huyo mwenyekiti, Mzee Ndegwa, sikumwigiza bure. Jumamosi moja mwezi wa nane nilikuwa chini ya dirisha la ukumbi nikimalizia andazi la mtu mwingine, kamati ikiwa ndani, nikamsikia. "Kyalo amezeeka. Macho yameisha. Juzi amenisalimia, ati 'Wamaitha, hujambo.'" Mtu akacheka, kwa sababu Wamaitha ni mama wa jikoni. Mwenyekiti hakucheka. "Kuna vijana wa kampuni, wana yunifomu, wana filimbi. Sisi tumeweka mtu wa mishale." Sauti ya mama mmoja ikasema, "Lakini anawafundisha wasichana wetu." Akajibiwa, "Hiyo ndiyo naogopa zaidi, mama. Siku nitasikia mtoto mmoja ameushika ule mtambo peke yake, nitaukata na msumeno mimi mwenyewe, na hiyo klabu iishe. Tutangoja watoane macho?" Wakabishana mpaka chai ikapoa, nilisikia mtu akilalamika kuhusu chai. Mwisho wakaamua: siku ya mavuno, wakati waumini wanaleta mahindi na maboga yao, Kyalo alenge boga kutoka hatua thelathini mbele ya watu wote. Akilipata, abaki. Akilikosa, aende akapumzike kwao. Nikamkimbilia langoni kumwambia. Alikuwa akinoa panga. Alisikiliza yote, akacheka hadi akaweka panga chini. "Mjini wanapima macho na boga," alisema. "Hatua thelathini? Waniletee ndimu."

Sasa ningekuwa mtu mwema ningeandika kwamba nilimhangaikia. Ukweli ni kwamba nilichosikia mimi ni jambo lingine: siku hiyo wasichana nao wangelenga, hatua kumi tu, mshale mmoja mmoja, ili watu waone klabu. Shiro angevuta. Hata Wambui, mdogo wetu wote, angevuta. Mimi ningesimama mbele ya kanisa zima nikasema "meee." Kila jioni nilirudi kwenye tyubu yangu, mara mia kila mkono, Baba Otis akauliza kama ng'ombe amezaa pacha. Na kweli nguvu zilikuwa zikija, nilizisikia mgongoni, pale katikati ya mabega ambapo Mzee alisema ndipo uta huvutwa, si mkononi. Nilikuwa nimebakiza kidogo. Nadhani nilikuwa nimebakiza kidogo. Hapa pia akili yangu inakataa kukaa upande mmoja.

Ijumaa kabla ya mavuno tuliachiliwa shule mapema, nikaenda Kawangware peke yangu. Mzee alikuwa upande wa pili wa ua akisaidia kushusha magunia ya mahindi kwenye lori, wiki hiyo yote alikuwa akishusha. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kama kawaida. Mkebe ulikuwa chini ya kitanda. Nilijiambia: nitaulegeza kidogo, kesho sisi ndio tunaanza, nitalenga, kisha nitaukaza kabla yeye hajalenga, nani atajua. Bolti ya juu ilikubali kama siagi. Nikazungusha mara tatu. Ya chini ilikuwa imeshika, nikaning'inia kwenye alenki kwa uzito wangu wote, ikazunguka mara moja. Au moja na nusu. Nikasikia viatu kwenye kokoto, nikautundika, nikatoka nikiwa nimeshika ufagio. "Mwiitu, umekuja kufagia?" aliuliza, jasho likimtiririka, unga wa magunia umemjaa kwenye nyusi. "Eeh, Mzee, kwa ajili ya kesho." Akanipa ndizi. Niliila njiani mpaka Ngong Road na ilikuwa tamu kabisa, dhamiri yangu ilikuwa imelala fofofo.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi kuliko Pasaka. Boga liliwekwa juu ya pipa, magunia nyuma yake. Sisi watano tulijipanga na fulana zetu. Ndipo mwenyekiti akasimama, akatafuta miwani, akasema wakati umetupita, tuanze na Mzee Kyalo, watoto watafuata. Nilikuwa na andazi mdomoni. Nimelifikiria andazi hilo kuliko masomo yote ya kidato cha pili. Ningeweza kulitema. Mzee alichukua uta, akavuta mara moja kuujaribu, nikaona nyusi zake zikipanda. Alihisi wepesi. Lakini watu walikuwa wakimwita jina, kina mama wakipiga vigelegele, na nadhani alidhani ni yeye, kwamba wiki ya magunia imempa mkono wa ujana, kwa sababu alitabasamu. Akavuta, akasimama, akaachia. Mshale ulikwenda ukitikisa mkia kama samaki, ukagonga pipa chini, ng'aa! Watu wakacheka kidogo, kwa upendo. Wa pili ukaingia kwenye nyasi. Wa tatu ulipita upande, ukashika mguu wa meza ya mahindi. Hakuna aliyecheka tena.

Mzee aliushusha uta, akautazama, akatutazama sisi. "Kuna kitu," alisema. "Nani ameushika?" Mwenyekiti alinyoosha shingo kama jogoo aliyesikia mfuko wa mahindi ukifunguliwa. Nilijua nikisema neno moja, msumeno unatoka na klabu imekwisha, na Shiro na wengine watanijua. Nikisema hapana, Mzee hana pa kushika. Nyuma yetu bibi mmoja Mkamba, muuza ndizi, akapaza sauti, "Wasichana hao wameuruka! Muwaulize!" Uso wa Mzee ukafunguka. Akanisogelea, akainama, akauliza kwa sauti ndogo, kama daktari, "Nekesa. Umeuruka?" Ndiyo mara pekee aliyowahi kuniita kwa jina. Na mimi, ambaye sikuwa nimeuruka, ambaye nilikuwa nimeuzunguka mwaka mzima kama moto, nikaona mlango. Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa la kitoto, lenye dawa. Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Jana. Nilikuwa nafagia."

Alishusha pumzi ndefu kiasi kwamba koti lake lilitulia. Akaulaza uta juu ya nyasi, akachuma majani akaufuta kutoka juu mpaka chini, akanionyesha mahali pa kusimama. "Rudi ulikotoka." Nikaruka, mbele ya kanisa zima, sketi ikipepea, na kwa kuwa mimi ni mimi nilishuka na kupiga saluti. Watu wakapiga makofi. Hata mwenyekiti alitabasamu, alipenda jambo linaloeleweka. Mzee akauchukua uta kwa mikono miwili, akachukua mshale wa nne, na sijawahi kuona mtu akiwa na uhakika vile. Hakuwa na haraka. Alivuta, akapumua, akaachia. Mshale ukatikisa mkia, ukachimba udongo hatua mbili mbele ya pipa.

Jikoni sufuria ziligongana. Kabla sijasema uongo wangu alikuwa na uta mbovu. Nilipompa kosa la kurekebisha, akalirekebisha, kikabaki kitu kimoja tu. Alisema, si kwa mtu yeyote, "Basi ni macho." Akanipa ule uta niushike, mimi, akaenda langoni akakaa kwenye kigoda chake. Wasichana hawakulenga siku hiyo.

Jumatano iliyofuata alikuwa ameondoka. Aliacha tochi na rungu kwa kamati, akauchukua uta wake wa mti, akauacha wa magurudumu kwa klabu, na kijana mwenye filimbi akaja na yunifomu yake. Jumamosi niliingia na rula ya shule, nikapima nafasi chini ya kila bawa. Zilikuwa sawa. Sawa kabisa, milimita kwa milimita. Nilipima tena nikiwa nimefumba jicho moja. Ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijaacha. Labda nilizirudisha Ijumaa ile nikasahau. Labda ya chini ilizunguka tatu, si moja. Labda sikugusa chochote, niliota, na macho ya Mzee yaliisha kama mwenyekiti alivyosema, si alimwita Wamaitha? Wazo hilo lilikuwa laini, nikalilalia. Mwezi wa kumi na moja nilivuka pale katikati kwa mara ya kwanza, bila mbuzi, uta ukanihurumia kama alivyoahidi, na nilipogeuka kutafuta mtu wa kumwonyesha, kijana wa filimbi alikuwa akisoma gazeti. Mwalimu wa vijana alitusimamia, klabu ikaendelea, wasichana watano wakawa kumi na mmoja. Nimelenga pale miaka miwili juu ya labda.

Basi Jumanne hiyo nilimsindikiza Shiro. Tulipofika Ngong Road, magari yakipita, nikamwambia, yote, kutoka alenki mpaka rula. Alisimama katikati ya watu. "Kwani ni wewe?" "Kwani ulijua kuna mtu?" Akanivuta kando, karibu na mama wa mahindi ya kuchoma. "Jumatatu ile, baada ya mavuno, nimepeleka maziwa jikoni asubuhi. Nikamwona Mzee amekaa na uta mapajani. Anakaza bolti mpaka mwisho, zote mbili, halafu anazirudisha akihesabu kwa Kikamba. Nikadhani anausafisha. Akasimama pale pale penye hatua thelathini, akaachia mmoja." "Akapata?" "Sikuangalia, nilikuwa na maziwa." "Shiro!" "Nilikuwa na maziwa, manze! Lakini lile boga lilikuwa bado juu ya pipa. Na jioni Wamaitha alipolikata alilalamika, ati nani ametuletea boga lenye tundu katikati."

Nilitembea kurudi nyumbani nikipita watu bila kuwaona, nikapitiliza mpaka karibu na Nyayo Highrise ndipo nikageuka. Alijua. Kumbe ndiyo ile njia ya kuipata hesabu ambayo sikuisikia; Jumatatu alijua macho yake ni mazima. Angekwenda kwa mwenyekiti na boga mkononi. Badala yake alitundika uta ukiwa umesawazishwa, akafunga virago, na nilikaa siku nne nikijaribu kuelewa, nikishindwa, nikiandika hotuba ya kuchekesha na kuichana.

Jumapili ukumbi ulijaa. Bintiye anaitwa Mwende, mwalimu wa shule ya msingi, ana shingo ya babake. Wakaniita. Nikasimama, nikaweka kando karatasi niliyokuwa nayo, nikasema, "Mimi sikuuruka ule uta. Nililegeza bolti." Mtu akacheka. Nikasema, "Ya juu mara tatu, ya chini ilinishinda." Wakacheka zaidi, walikuwa wamengoja hicho, maombi yalikuwa yamewachosha. Nikasema, "Naongea ukweli," na hapo ndipo ukumbi ulipopasuka kabisa. Mwenyekiti alivua miwani akajifuta machozi. "Huyu msichana! Huyu ni wa redio!" Wakanipigia makofi mpaka nikakaa. Huo ndio mshahara wa miaka yote ya "meee."

Kwenye chai Mwende alinifuata na sahani ya mandazi ambayo hakuila. Hakuwa amecheka, nilimwona. "Nekesa," alisema, "nikuulize. Baba alipokuja nyumbani alituambia ameachishwa kwa sababu ya macho. Mama akamlilia. Lakini alikuwa akishona viatu vya watu sokoni mpaka mwezi uliopita, na uzi alitunga kwenye sindano mwenyewe, hata jioni. Mimi mwenyewe siwezi. Tukawa tunamuuliza, Baba, hayo macho mabaya ni yapi? Ananyamaza. Kwa nini alisema ni macho?"

Mwenyekiti alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, akipuliza chai. Nyuma ya ukumbi wasichana wadogo walikuwa wameanza kubishana ni nani atatangulia kulenga, na msumeno wa kanisa najua unakowekwa. Nilitazama kama kuna mlango mwingine mdogo wa kupitia. "Mwalimu," nikasema, "angesema ni bolti, wangeuliza nani alizigusa. Ni mimi. Alitaka klabu ibaki, na mimi ndani yake." Sikupunguza sauti. Mwende aliweka sahani juu ya meza polepole sana, akashika ukingo wa meza. Kikombe cha mwenyekiti kilisimama hewani, akageuka, akasogea, uso wake haukuwa na kicheko tena.

"Bolti gani?" akauliza.

Nikamwanzia upya, tangu ile ya juu.